Miaka Niliyomchunga Bihogo

Dokta Solange, mkuu mpya wa kituo, ameniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya vijana mliokuja baada yangu. Nadhani alitaka niwaeleze jinsi ya kukata kipande cha tishu bila kukiponda na jinsi ya kuongea na wachungaji wenye haraka. Nitaeleza na hayo. Lakini katika rejista ya kituo kuna mstari mmoja niliouandika kwa mkono wangu, miaka mingi mfululizo, na mstari huo ni wa uongo. Ningeanza nao, msingesoma mengine. Kwa hiyo nitafuata miaka jinsi ilivyokuja, na ninyi mtanivumilia kama mlivyonivumilia nikiwa kazini.

Mimi ni mtoto wa upande wa Bukavu. Nilifika Goma na diploma ya laborantine, yaani fundi wa maabara, rozari ya mama yangu, na koti moja jeupe alilolipiga pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Siku ya kwanza sikuonyeshwa hata mikroskopu. Dokta Kasereka, mganga wa mifugo aliyeanzisha kituo, Mnande mrefu wa Butembo ambaye sikumwona akicheka zaidi ya mara mbili, alinipa termosi iliyojaa barafu na kuniambia niende machinjioni nikalete korodani za madume ya ng'ombe kabla jua halijapanda.

Nilidhani ananipima. Nikaenda. Niliwakuta wanaume kama kumi wenye visu, na mimi na koti langu. Nilipotaja ninachotaka, kwa Kifaransa ili nisione haya, mmoja akasema, "Mademoiselle, ile kitu banaume njo banakulaka na pilipili. Weye utapikia nani?"

"Ni ya labo," nikasema.

"Labo iko na bwana?"

Wakacheka mpaka mmoja akaketi juu ya ngozi mbichi. Nilirudi kituoni, mtaa wa Ndosho, na korodani nne na macho mekundu. Dokta alifungua termosi, akatia kidole ndani, akaniuliza, "Ziliona jua?"

"Apana, Dokta."

"Sasa unalilia nini?"

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kwanza, na sikupewa mengine wiki nzima. Nilijifunza mwenyewe kwamba mchinjaji husalimiwa kwanza, kwa jina, na huulizwa habari za watoto wake, ndipo unafungua termosi. Fikeni kabla ya wauza mishikaki, la sivyo mtashindana nao, na wao wana marafiki wengi kuliko ninyi. Na jina la Mademoiselle likaniganda tangu siku hiyo. Niliitwa hivyo nikiwa msichana, niliitwa hivyo siku ya kustaafu, na hakuna aliyejisumbua kuuliza kama lilikuwa bado linanifaa.

Kazi yetu iliyoandikwa kwenye kibao cha mlangoni ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Nilizunguka na mirija hiyo hadi vijiji vya juu ya Rumangabo, mkono mmoja ndani ya ng'ombe na mwingine ukifukuza nzi. Lakini moyo wa Dokta haukuwa kwenye mirija. Ulikuwa kwenye kitu alichoniita nikione siku moja, akaniachia kiti chake mbele ya mikroskopu, jambo ambalo hakumfanyia hata askofu alipokuja kutembelea.

Alinieleza hivi, na sijapata maelezo mazuri zaidi. Mbegu ya dume ni msafiri. Ikishatoka, haigawanyiki tena. Ina safari moja, ifike au isifike. Lakini ndani ya korodani kuna mirija myembamba kama uzi wa kushonea, na ukutani mwa mirija hiyo, chini kabisa, zimekaa seli chache ambazo haziendi popote. Hizo ndizo seli shina. Seli shina ikigawanyika, moja huondoka kwenda kuwa mbegu, nyingine hubaki palepale ilipokuwa, na baadaye itagawanyika tena. Ndiyo maana dume huzeeka na bado anazaa.

"Ukichunga mbegu," Dokta alisema, "umechunga safari kidogo tu. Ukichunga seli shina, umechunga dume yenyewe."

Maana seli hizo zinaweza kutolewa kwa dume mmoja na kuingizwa katika korodani za dume mwingine ambaye zake zimeondolewa. Zikishika huko, mwenyeji atatoa mbegu za yule mgeni, hata kama mgeni alikufa zamani. Wenzetu wa nchi za nje walikuwa wamefanya hivyo kwa panya, kisha kwa mbuzi. Sisi Goma tuliweza nusu ya kwanza ya kazi: kukata vipande vidogo kama punje za mchele, kuviloweka katika dawa inayozuia barafu isipasue seli, kuvishusha polepole kwenye baridi, na kuvitia ndani ya azoti. Nusu ya pili ilitaka mashine na umeme usiokatika. "Ile batafanya bengine," alisema. "Weye chunga tu."

Niliipenda sana ile seli inayobaki. Sikuwa na mume, ndugu zangu wote walikuwa ng'ambo ya ziwa, na wenzangu kituoni walihama kila vita vilipobisha hodi. Nilijiona ndani ya ile seli, na sioni haya kusema.

Azoti, kwa wale ambao bado mnaiogopa, ni hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji. Inakaa katika chombo kizito chenye shingo nyembamba tulichokiita bombone, na kila siku inachemka yenyewe, kimya kimya, ikitoweka. Kazi yote ni kujua imebaki kiasi gani. Dokta alinipa rula ya mbao ya shule iliyopakwa rangi nyeusi. Unaizamisha, unahesabu hadi kumi, unaitoa na kuipunga hewani kidogo. Mahali theluji inapoishia ndipo azoti ilipofika. Msitumie mrija ulio wazi katikati. Azoti hupanda ndani yake na kuwarukia usoni. Nina kovu chini ya kidevu, nyinyi mlidhani ni la jipu.

Kisha vita vikaingia kwenye malisho ya Masisi. Sitaeleza vita, wapo wanaovijua vizuri kuliko mimi. Nitaeleza nilichokiona nikiwa mlangoni Ndosho. Ng'ombe walipita wakisukumwa na watu waliokuwa na bunduki badala ya fimbo, na baada ya muda hawakupita tena, maana walikuwa wamekwisha kuliwa. Alasiri moja akaja mzee mmoja, Gahizi, mchungaji wa kule milimani, na dume mmoja mwekundu wa kuiva, karibu na weusi, anayechechemea. Risasi ilikuwa imevunja mguu wa nyuma. Walikuwa wametembea siku tatu.

"Zizi yote balikwisha kula," Muzee Gahizi akamwambia Dokta. "Bihogo njo anabakia. Babu yake alikuwaka ya babu yangu. Munipe dawa."

Dokta alishika mguu ule kwa muda mrefu. Hakuna dawa ya mguu wa ng'ombe uliovunjika pale juu, na dume asiyeweza kusimama kwa miguu ya nyuma hawezi kupanda, wala hatuwezi kukinga mbegu zake kwa njia ya kawaida. Alimwambia ukweli wote. Kisha akamweleza juu ya seli shina, taratibu, kama alivyonieleza mimi, bila kuficha kwamba nusu ya pili hatuwezi.

Mzee alisikiliza akiwa ameweka kiganja shingoni mwa mnyama. Mwisho akanigeukia mimi, si Dokta.

"Mademoiselle, weye njo utamuchunga?"

"Mi njo nachungaka bombone, Muzee."

"Basi nakuragiza Bihogo."

Mimi Mshi wa Bukavu sikujua neno hilo. Innocent, fundi wetu, ambaye mama yake ni wa Rutshuru, alinieleza baadaye. Kwa Wanyarwanda wa milimani, kuragiza ni kumkabidhi mwenzako ng'ombe wako amchunge. Ng'ombe anabaki wako. Mchungaji anakunywa maziwa, na wewe anakuletea habari. Nilimwambia mzee kwamba huyu wangu hatakuwa na maziwa. Akajibu kwamba yeye atanidai habari tu.

Bihogo alichinjwa asubuhi iliyofuata, na mzee mwenyewe alimshikia pembe mpaka mwisho. Tulipata vichupa sita. Niliandika jina lake kwenye kila kichupa kwa wino usiofutika, na katika rejista nikaandika: Bihogo, vichupa sita, viko. Kila mwanzo wa mwezi niliandika tena maneno hayohayo.

Mwanzoni mzee aliuliza kupitia madereva wa malori ya jibini kutoka Masisi. Dereva alisimama barabarani bila kuzima injini na kupaza sauti, "Gahizi anauliza Bihogo iko namna gani!" nami nikajibu kwa kelele kwamba iko vizuri, mtaa mzima ukisikia. Simu zilipofika, mzee alikuwa akipanda kilima baada ya misa, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kutafuta mtandao. Hakuwahi kuniuliza habari zangu. Hata mimi sikumuuliza zake. Tuliongea juu ya Bihogo dakika mbili, na katika mwezi mzima hiyo ndiyo simu pekee niliyokuwa na hakika nayo.

Dokta Kasereka aliondoka katika uasi wa pili. Aliitwa nchi za nje kufundisha, akasema ni miezi sita. Aliniachia funguo, rula na kiti chake. Aliandika mara mbili. Barua ya tatu iliandikwa na mkewe, na ilikuwa fupi. Nilifanya kazi siku hiyo hadi jioni kama kawaida, kwa sababu hapakuwa na mtu kituoni wa kunipa pole.

Volkano iliposhuka mjini, moto wa mawe ulipita katikati ya Goma na kuukata mji vipande viwili. Mimi na bombone tulikuwa upande wa Ndosho. Azoti ilikuwa inauzwa ng'ambo ya mpaka, Gisenyi. Rula ilionyesha vidole viwili. Nilisubiri hadi watu walipoanza kuvuka juu ya mawe yaliyoganda, yakiwa bado yanatoa moshi, nikamtafuta Papa Bosco, jirani aliyesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Chukudu haikuweza kupita kwenye mawe yale, tukaiacha, tukabeba bombone kwa mti mabegani, yeye mbele mimi nyuma. Nyayo za viatu vyangu vya plastiki zilianza kunata.

"Mademoiselle, humu ndani iko nini?" akauliza bila kugeuka.

"Ngombe dume."

Akatembea hatua kadhaa. "Haiko muzito," akasema.

Tulijaza, tukarudi. Kituo kilikuwa kimejaa majivu na wenzangu wote walikuwa wamekimbilia Sake. Nilitamani kumwambia mtu kwamba tumeweza. Nikafungua mfuniko, nikaiambia bombone. Msicheke, na ninyi mtafika huko.

Safari ile iliiumiza bombone. Tangu hapo haikukaa na azoti zaidi ya siku kumi na mbili, ambapo zamani ilimaliza miezi miwili. Tuliomba nyingine, tukajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Innocent akawa anaenda Gisenyi kila baada ya siku kumi na jagi letu la azoti, na mimi ndiye niliyejaza. Yeye hakujaza hata mara moja. Wanajeshi walikuwa wamewahi kuingia wakachukua friji na viti, kiti cha Dokta kikiwemo, na tangu siku hiyo nilifunga chumba cha bombone kwa kufuli mbili na kuvaa ufunguo shingoni. Innocent aliomba nakala. Nikakataa, kwa sababu aliwahi kuacha mfuniko wazi akipokea simu. Akaomba tena mwaka uliofuata. Nikamwambia ataupata nikifa.

Nilidhani huo ni uangalifu. Ulikuwa wivu. Sikuwa na kitu kingine ambacho ni mimi peke yangu ninayekifungua.

Mama yangu alifariki Bukavu. Nilijaza bombone hadi shingoni, nikapanda boti, nikamzika, nikakaa matanga. Siku niliyotaka kurudi, waasi wakaingia Goma na boti zikasimamishwa. Siku ya kumi na moja Innocent akanipigia. Alikuwa amevuka hadi Gisenyi na kurudi katikati ya vurugu zile, sijui vipi, na jagi limejaa.

"Mademoiselle, azoti iko hapa mbele ya mulango. Nivunje?"

Nilikuwa bandarini, na watu walikuwa wanasema boti itaondoka kesho. Nikafikiria mlango uliovunjwa, mji usio na polisi, watu wakiingia na kutoka ndani ya chumba changu.

"Usivunje. Nakuya kesho."

Kesho yake boti haikuondoka. Akapiga tena. "Jagi inatoa moshi, Mademoiselle. Inapunguka." Nikasema kesho. Siku ya tatu akapiga akasema jagi imekauka, na mipaka ya mji haipitiki tena. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, na yeye ndiye aliyefanya kila kitu sawa.

Nilipofika zilikuwa zimepita wiki tatu kamili. Nilifungua kufuli zangu mbili, nikafungua mfuniko. Moshi haukutoka. Rula ilitoka kavu. Nikavitoa vichupa kwa vidole vitupu, na havikuniunguza. Vilikuwa vimelowa jasho kwa nje, na ndani dawa ilikuwa maji tu, vile vipande vya mchele vikielea.

Nilipaswa kuandika mstari mmoja katika rejista. Badala yake nilirudisha vichupa mahali pake, na Innocent alipoleta azoti nyingine nikajaza. Aliniuliza kama tumechelewa. Nikamwambia kulikuwa na kidogo chini. Akafanya ishara ya msalaba kwa furaha. Mjue jambo hili la kazi yetu, maana hakuna kitabu kitakachowasisitizia: kilicho hai na kilichokufa, vikishagandishwa, vinafanana. Mpaka siku ya kuyeyusha, hakuna wa kukubishia.

Jumapili ya kwanza simu ililia. Vita vilikuwa vimemfukuza mzee kwake kwa mara ya tatu.

"Bihogo iko?"

"Iko, Muzee."

"Aksanti ya kuchunga."

Nilikusudia kumwambia mwezi utakaofuata, akishatulia. Kisha nikapata hoja nzuri, hoja ya msomi. Nusu ya pili ya kazi hatuna, nikajiambia. Hata kama vichupa vingekuwa hai, visingemzalia mzee ndama hata mmoja. Kwa hiyo uongo wangu haumpunguzii kitu. Unamwachia furaha ya dakika mbili kwa mwezi. Na mimi pia uliniachia zangu. Alipouliza kazi itaanza lini, nilimjibu, "Bado mashine, Muzee," na hilo lilikuwa kweli, nikalifurahia kwa sababu lilikuwa kweli.

Volkano iliporudi tena, ardhi ilitikisika siku nzima na kuta za kituo zikapasuka. Watu walibeba watoto na magodoro kuelekea Sake. Mimi nilibeba bombone. Jirani mmoja alinipisha ndani ya gari lake, akatoa mizigo yake ili bombone yangu ipate nafasi, kwa sababu mtaa wote ulijua kuna dume la Muzee Gahizi humo. Nilikaa nayo magotini hadi Sake. Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa ndani ya gari lile lililojaa watu.

Nilistaafu. Mlinipa saa ya ukutani na keki, nawashukuru. Wiki mbili baadaye Dokta Solange akaja nyumbani kwangu na uso unaong'aa. Mashine zimepatikana, chuo kikuu kitasaidia, nusu ya pili ya Dokta Kasereka itaanza hapahapa Goma. Alikuwa amesoma rejista yote.

"Tutaanza na Bihogo, Mama," akasema. Hakuniita Mademoiselle. "Muzee Gahizi angali muzima? Tunataka akuye aone."

Alikuwa hai. Waasi wapya walikuwa wamemshusha kutoka milimani na alikuwa akikaa kwa binti yake Keshero. Nilimwambia Dokta Solange anipe siku moja.

Nilimkuta mzee uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki akitazama ziwa kama mtu anayetazama kitu kisicholiwa na ng'ombe. Hatukuwa tumeonana kwa miaka. Alinitambua kwa sauti.

"Bihogo iko?" akauliza, kabla sijakaa.

"Apana, Muzee. Alikufa."

Nikamweleza yote, kufuli, jagi, boti, kesho na kesho. Sikulia, sikuwa na haki. Akaniuliza ilikuwa lini. Nikamwambia: vita ile waasi walipoingia Goma, mwezi niliomzika mama.

Midomo yake ikahesabu kitu.

"Mwaka ile ilifuata niliolesha huyu binti," akasema. "Balinipa mitamba mbili ya mahari. Mizuri. Majirani bote balileta madume yabo. Nilikatala. Nikasema mi niko na dume yangu ku Goma, ku Mademoiselle. Niliwachunga pembeni, peke yabo, dume isiwafikie. Bantu balinicheka. Balizeeka hivyo, Mademoiselle. Hawakuzaa hata moja."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama baba yake, kisha akaingia ndani.

"Ungeniambia," akasema, "ningewapandisha na dume ya jirani. Leo ningekuwa na zizi."

Hoja yangu ya msomi ilikufa pale uani. Nilisema, "Unisamehe, Muzee," na niliona jinsi neno lilivyo dogo. Aliniambia jambo ambalo Innocent hakunieleza, au hakulijua.

"Mutu akikuragiza ngombe, na ngombe ikikufa, unaletea mwenyewe ngozi. Ajue ni kweli."

"Hana ngozi, Muzee. Ni vichupa."

"Leta ile."

Nilienda kituoni, nikamweleza Dokta Solange nikiwa nimesimama. Alikaa chini. Aliuliza mara moja tu kama nina hakika, kisha akaniruhusu nivichukue. Niliviyeyusha mkononi, ndani ya leso, nikiwa kwenye pikipiki, kutoka Ndosho hadi Keshero, na nilipofika vilikuwa na joto la mwili wangu.

Mzee alivipokea kwenye kiganja kimoja. Vyote sita vilitosha humo. Aliviinua kwenye mwanga, akasoma jina la Bihogo kwenye kila kimoja, herufi zangu nzuri za ujana.

"Ni hizi tu?"

"Ni hizi tu."

Alichimba kwa kisu nyuma ya nyumba, kwa sababu ardhi ya Keshero ni mawe ya volkano na jembe halingeingia. Ilimchukua muda. Nilitaka kumsaidia akanionyesha mkono nisimame. Alipomaliza kufukia alijifuta magoti, akanishukuru kwa kuja, kwa adabu kabisa, kama unavyomshukuru mtu aliyeleta taarifa kutoka ofisi fulani.

Katika rejista nimeandika mstari wa kweli, na tarehe ya kweli kando yake, nikatia sahihi. Mpeni Innocent heshima yake. Hakuwa na kosa lolote, na mimi nimemwomba radhi mbele ya mkewe. Mtapata madume mengine. Kuna vichupa vya wengine waliokuja baadaye katika bombone mpya, hivyo viko hai: tumeyeyusha kimoja cha kila dume, nimekiangalia mwenyewe na Dokta Solange amekiangalia baada yangu.

Jumapili ya kwanza ya mwezi imepita mara tatu tangu siku ile. Narudi kutoka misani, naweka simu mezani, naketi. Keshero si mbali, na mtandao huko ni mzuri.